Mtambo wa Kona Mfu Wazinduliwa Nyawera

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye majukumu mazito yamemzuia kufika, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi huyo, ambaye kiti chake nakiona hapa mbele kikiwa kimepanguswa vizuri sana, mashefu wote wa avenue, wakuu wetu wa mitaa, pamoja na wale ambao avenue zao bado hazijapata jina, mapadri wa parokia zetu na wachungaji wa makanisa yenye vipaza sauti na yasiyo navyo, mama zetu wa soko la Nyawera, nguzo za uchumi wetu, ambao nawaomba wasogeze kidogo mabeseni ya dagaa wa sambaza ili yasionekane kwenye picha, viongozi wa chama cha wamotari, waendesha pikipiki wetu, wabeba mizigo, madereva wa taksi-basi, wanafunzi mliotolewa darasani kwa heshima ya siku hii, mwandishi wa habari, ambaye naona amekuja na simu, na hata wewe, papa, uliyesimama pale kwenye makaa ukila muhindi wa kuchoma na kunitazama hivyo: itifaki yote imezingatiwa, na ile iliyosahaulika ihesabiwe kuwa imezingatiwa.

(Makofi. Yaani Didier, mkuu wa itifaki, anapiga makofi. Wanafunzi wanamfuata kwa sababu wameahidiwa soda.)

Mimi ninayesimama mbele yenu ni Constantin, Mratibu Mkuu wa Kurugenzi ya Mambo Yasiyoonekana Barabarani, kama mnavyojua, na kama ilivyoandikwa mgongoni mwa tisheti hizi mia tatu ambazo mtagawiwa baadaye kwa utaratibu utakaotangazwa baadaye. Wengine walidhani kurugenzi hii haitadumu. Walisema: mambo yasiyoonekana yataratibiwa vipi? Nawajibu leo kwa unyenyekevu wangu unaojulikana mkoa mzima: katika miezi kumi na minne tumefanya semina sita, warsha nne, kikao cha kutathmini semina, kikao cha kutathmini warsha, na ziara moja ya mafunzo ambayo niliifanya mimi mwenyewe, kwa kujitoa mhanga, katika hoteli yenye mandhari ya ziwa.

Sasa niingie katika kiini cha jambo, mise en contexte, kama tunavyosema sisi wa utawala. Sisi watu wa Bukavu tunaendesha gari upande wa kulia wa barabara, ndivyo sheria inavyotaka, na sheria tunaiheshimu. Lakini magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshazeeka huko, na yanatufikia yakiwa na usukani upande wa kulia vilevile. Matokeo yake dereva wetu anakaa upande wa mtaro. Mtaro anauona vizuri mno, anaweza kukuambia kila chupa iliyomo. Ila akitaka kulipita lori lililosimama mbele yake, upande wa kushoto ambako watu na magari hutokea, haoni kitu. Upande huo ndio Wazungu wanaouita angle mort, na Kurugenzi yangu, baada ya warsha ya siku tatu, imeutafsiri kuwa Kona Mfu.

(Mzee mmoja anasema kwa sauti: "Siku tatu!" Mwenzake anamjibu: "Na chakula.")

Wazazi wetu walitatua jambo hili kwa njia ya kienyeji. Walimweka mtu siti ya kushoto. Mtu huyo hana cheti, hana barua ya uteuzi, hana hata maelezo ya kazi yaliyopigwa muhuri. Kazi yake ni kutoa kichwa dirishani, kutazama, na kusema "Ngoja", au kusema "Pita, iko vide", yaani barabara iko tupu. Na dereva anamtii! Waziri anamtii, daktari anamtii, askofu akiwa na haraka ya misa anamtii. Nawauliza, wananchi wenzangu, katika karne hii mtu mwenye cheo ataendelea mpaka lini kuambiwa "Ngoja" na mtu wa siti ya kushoto?

(Katikati ya uwanja anasimama mwanamke mwenye kitenge cha kijani na bakuli la chakula lililofungwa kitambaa. Ni Séraphine, mke wa Philémon. Philémon alikaa siti ya kushoto ya jeep ya Mratibu kwa miaka kumi na moja. Leo ni siku yake ya tisa katika cachot, yaani mahabusu, ya hapa karibu, kwa sababu jeep hiyo ilimgonga mama mmoja hapa hapa Nyawera, na Mratibu amemshtaki Philémon kwamba hakumwonya. Didier anamwomba Séraphine akae. Anakaa, lakini kwa kuchelewa.)

Asante, maman, maoni yako yamepokelewa. Naendelea na takwimu, kwa sababu bila takwimu hotuba ni masengenyo tu. Utafiti wetu umeonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya ajali hutokea upande ambao dereva haoni, na asilimia nane zilizobaki hutokea upande anaouona ila hatazami. Tulihoji magari kumi. Kumi na moja yalikubali. Ndiyo maana nimebuni, mimi mwenyewe, nikiwa bafuni, Mradi wa Mkoa wa Kuwasha na Kudhibiti Mtambo wa Kona Mfu, ambao utafunga mitambo mia tatu katika magari mia tatu, kuanzia magari ya viongozi, kwa sababu viongozi ndio wana mambo mengi yasiyoonekana.

(Kicheko kinaanzia kwa wamotari, kinapita kwa wauza nyanya, kinafika mpaka mtaro. Mratibu anapunga mkono, akidhani ni shangwe.)

Mtambo huo unawashwaje? Sikilizeni, maana hapa ndipo elimu ilipo. Kwanza unawasha gari, kwa sababu gari lililozimwa haliwezi kuchunguza lolote. Kisha, kushoto kwa usukani, chini ya tundu la upepo, unatafuta kitufe chenye picha ya gari dogo na mistari kama mawimbi ya redio. Unakibonyeza mara moja, kwa kidole cha shahada, bila hasira. Kwenye dashibodi inawaka taa ndogo kukwambia kwamba mtambo umeamka. Kuanzia hapo radari mbili zilizofichwa ndani ya bampa la nyuma, moja kila pembe, zinachungulia nyuma na ubavuni. Gari likiingia katika Kona Mfu, taa ya rangi ya chungwa inawaka katika kioo cha pembeni. Ukiwasha indiketa kuelekea upande huo huo, taa inaanza kukonyeza, na mlio unatoka, pi-pi-pi, kukuambia kwa lugha ya kistaarabu kile ambacho zamani uliambiwa kwa kelele na mtu ambaye amekula kitunguu.

Na mlio huo unadhibitika! Unaweza kuupunguza. Unaweza kuuongeza. Ile taa pia unaweza kuifanya iwe kali au iwe ya upole, kulingana na hadhi ya dereva. Yote hayo yamo katika menyu ya skrini, ambayo iko kwa Kijapani, lakini Kurugenzi imeunda kamati ya kubahatisha, na mpaka sasa kamati imefanikiwa kubadilisha saa na kufungua buti.

(Motari mmoja mwenye kofia ya chuma mkononi: "Patron, na siye ba moto, ile machine inatuonaka?")

Swali zuri, swali la kizalendo. Kitabu cha mtambo, katika ukurasa wenye picha nyingi zilizopigwa msalaba, kinaeleza kwamba pikipiki ndogo, baiskeli, watu wa miguu, wanyama, mikokoteni na vitu vilivyosimama havimo katika majukumu ya mtambo. Mtambo umetengenezwa kwa ajili ya magari. Ninyi wa moto mtaingizwa katika awamu ya pili, na watu wa miguu katika awamu ya tano, fedha zikiruhusu.

(Motari: "Basi inaona nini hapa Nyawera?" Anamwangalia jirani yake. Kweli, ukiondoa pikipiki, watu wa miguu na mikokoteni, hapa Nyawera hubaki jengo na mvua.)

Tusikatishane tamaa. Najua pia wapo wapinzani watakaowaambia kwamba mtambo hufanya kazi tu gari likizidi mwendo wa kilomita thelathini kwa saa. Ni kweli, imeandikwa. Lakini huo si udhaifu wa mtambo, ni udhaifu wa barabara, na barabara ina kurugenzi yake, muwaulize wao. Mimi binafsi nimeshafikisha thelathini. Ilikuwa Luvungi, kule tambarare, nikiwa katika ukaguzi, na kweli ng'ombe wanne walitokea kushoto na mtambo haukusema chochote, kwa sababu, kama nilivyoeleza, ng'ombe hawamo. Vilevile nilikwenda Bunyakiri, na nikarudi na matope mpaka kwenye taa za nyuma, na kitabu kinasema bampa likiwa na matope radari hazioni. Tumeshaliweka jambo hilo katika mapendekezo: Bunyakiri isiwe na matope.

Nafika sasa kwenye udhibiti, yaani namna ya kuuzima. Mtambo huu mnauzima kwa kitufe kile kile kilichouwasha. Unabonyeza, unanyamaza, hauna kinyongo. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya teknolojia na binadamu. Philémon, kwa mfano, ambaye jina lake nalitaja kwa masikitiko makubwa ya kitaasisi, tatizo lake moja ni kwamba hakuwa na kitufe. Siku ile ya ajali tulipotoka nyumbani nilimwambia kwa Kiswahili safi: kuanzia leo funga mdomo, mtambo ndio utakaosema. Akanijibu: "Papa, ile machine haionake maman wa muzigo." Nikamwambia ahamie siti ya nyuma, pamoja na katoni za tisheti, ili asiuchanganye mtambo.

(Yule wa muhindi ameacha kutafuna. Séraphine amesimama tena, na safari hii Didier hamsogelei.)

(Séraphine: "Kumbe ulimuweka nyuma! Papa Constantin, siku tisa minapeleka chakula ku cachot. Siku tisa banasema bwana yangu alikuwa mbele, alilala, hakukuambia. Kumbe alikuwa nyuma na tisheti!")

Maman Séraphine, maman mpenzi, tusichanganye jiografia ya siti na wajibu wa kisheria. Nyuma au mbele, Philémon alikuwa ndani ya gari, na alikuwa na macho mawili yaliyokuwa yakilipwa. Hebu nieleze tukio lenyewe kitaalamu, ili uvumi ufe. Nilikuwa nashuka taratibu. Mbele yangu taksi-basi ilisimama kushusha abiria. Mimi, kwa kuzingatia kanuni, niliwasha indiketa ya kushoto. Nikatazama katika kioo: taa ya chungwa haikuwaka. Nikasikiliza: hakuna pi-pi-pi. Nyuma yangu nikasikia kelele, mtu anagonga kioo cha dirisha kwa kiganja, anaita "Papa, simama! Maman! Maman!", lakini kelele hiyo haikutoka katika mtambo, kwa hiyo haikuwa rasmi. Nikapita. Mwendo wangu ulikuwa kilomita saba kwa saa, jambo linaloonyesha uangalifu wangu.

(Mnung'uniko. Mama mmoja wa sambaza anasema, bila kushusha sauti: "Amejifunga yeye mwenyewe." Mratibu anakunywa maji. Ana aibu kidogo, lakini anaifuta kwa leso pamoja na jasho.)

Hapo ndipo alipopatikana mnufaika wa kwanza wa mradi wetu, Maman Georgette, mbeba mizigo wa soko hili, ambaye tumemkalisha hapa mbele kwenye kiti cha plastiki, mguu wake ukiwa katika plasta na magongo yake yakiwa ukutani. Maman Georgette, Kurugenzi inakupongeza. Didier, mpe ile karatasi. Maman, karatasi hii ni tamko fupi la kurasa mbili. Linasema kwamba mtambo ulikuwa umewashwa na ulikuwa mzima, na kwamba ajali ilisababishwa na uzembe wa kibinadamu wa mtu wa siti ya kushoto. Wewe utie kidole gumba tu, hapa kwenye nukta. Jumatatu Philémon atahamishiwa gereza kuu pamoja na karatasi hii, faili litafungwa, na mradi utakuwa na mwanzo safi, kwa sababu hakuna mfadhili anayependa mradi wenye doa.

(Didier anafungua kisanduku cha wino. Georgette haukunjui mkono wake. Ni mwanamke mfupi, shingo nene kwa miaka ya kubeba magunia kwa kamba ya kichwani, na alama ya kamba ingalipo kwenye paji la uso wake hata leo ambapo hajabeba kitu. Anaomba maikrofoni. Mratibu anampa, maana anategemea shukrani.)

(Georgette: "Mimi sijue kusoma, lakini kuona minajua. Ile siku nilikuwa na gunia ya bunga ya muhogo mu mugongo, kamba ku paji, minaangalia chini, sababu na muzigo hauwezi kuangalia juu. Nikasikia kioo inapigwa: pa, pa, pa! Njo nikainua kichwa, nikaruka kidogo. Gari ikanikamata muguu. Kama singeruka, ingenikamata kifua. Ule papa alikuwa nyuma, mukono yake ku kioo, karibu kulia. Yeye njo aliniponesha. Na muko munamufunga yeye? Minakataa. Kidole yangu siweke.")

(Sasa ndiyo makofi. Wamotari wanapiga honi, mama wa sambaza wanapiga mabeseni, wanafunzi wanapiga chochote walicho nacho. Séraphine hapigi makofi. Amekaa chini na kujifunika uso kwa kitenge.)

Naomba utulivu. Utulivu, tafadhali! Mnufaika ameonyesha hisia, na hisia zake zitaambatanishwa na ripoti kama kiambatisho. Kurugenzi inaunda kamati ya kuchunguza kama kugonga kioo ni onyo au ni fujo. Kamati itaongozwa na mimi. Kwa sasa tusonge mbele kwenye sehemu ya shangwe, kwa sababu muda umekwenda na mwandishi wa habari anasema simu yake inaelekea kuzima. Nikisema "Kona Mfu", ninyi mjibu "Tunaiona!"

Kona Mfu!

(Wanafunzi wanaulizana soda iko wapi.)

Kona Mfu!

(Didier: "Tunaiona." Sauti yake inasikika vibaya ikiwa peke yake.)

Kitufe kimoja, macho mia tatu! Mbele na teknolojia, nyuma na ubishi! Mkoa unaoonwa ni mkoa unaoona! Asanteni, asanteni, kaeni, ingawa hamkusimama.

Nimalizie kwa shukrani, kwa sababu asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao tumewaandikia barua kumi na saba, na ambao kimya chao cha mwaka mzima tumekipokea kama ishara ya kutafakari kwa kina. Namshukuru mkandarasi, ambaye tungempata kama zabuni ingetangazwa. Naishukuru mitambo mia tatu yenyewe, popote itakapotengenezwa. Kwa namna ya pekee namshukuru fundi Guylain wa gereji ya mtaani, ambaye juzi, kwa ombi langu, alifungua bampa la jeep yangu ili tuzipige picha zile radari mbili kwa ajili ya kalenda ya mradi, na ambaye kwa uaminifu mkubwa alinionyesha kwamba ndani yake hamna radari hata moja, mna matope ya Bunyakiri na mfuko wa plastiki. Akaniongezea, bila kutoza, kwamba gari la mwaka ule halikuwahi kutengenezwa likiwa na mtambo huo, na kwamba kitufe nilichokuwa nabonyeza kila asubuhi ni cha kupasha joto kioo cha nyuma wakati wa baridi. Hiyo ndiyo tunaiita hatua ya majaribio. Tisheti zipo. Mungu awabariki.

(Mtu anasema: "Kupasha joto!" Kicheko kinapasuka, kisha kinakatika chenyewe, kwa sababu watu wamemkumbuka Philémon. Mratibu anashuka jukwaani kwa haraka, anaingia katika jeep, upande wa mtaro, na kwa kuwa Didier amesahau kumnyang'anya maikrofoni, vipaza sauti vinaendelea.)

Didier. Njoo, Didier, kaa kushoto. Lori hili la mbao limeegeshwa mbele yetu kama nyumba, sioni hata anga. Chungulia. Iko vide?

(Didier, kwa sauti ya mbali: "Excellence, kwa kadiri ya taarifa zilizopo…")

Nauliza, iko vide ao haiko vide?

(Didier: "Inaweza kuwa vide." Jeep inatoa pua. Pikipiki mbili zinapita zikipiga honi ndefu, taksi-basi inafunga breki, na jeep inarudi nyuma kwa kuruka. Didier anafungua mlango na kushuka. Anasema ana watoto wanne.)

Shefu wa avenue, wewe unapajua hapa. Njoo ukae kidogo. Hapana? Papa wa muhindi? Wamama, jamani, mmoja wenu tu, aseme "pita", neno moja, nifike pale kwenye kona tu.

(Mama wa Nyawera wamekunja mikono. Hakuna anayetukana. Wanatazama tu, na kutazamwa na wanawake arobaini waliokunja mikono si jambo dogo. Dakika zinapita. Mvua inatishia. Nyuma ya jeep magari yamejipanga, honi zinaanza. Ndani ya vipaza sauti inasikika simu ikipigwa.)

Allô, shefu wa cachot? Ni Constantin. Ndiyo, uzinduzi umekwenda vizuri sana. Sikiliza, naondoa plainte, yale mashtaka yangu. Ya Philémon, ndiyo. Yote, hakuna kubakiza. Hapana, si kesho. Si Jumatatu. Mumuachilie sasa hivi, mimi niko ndani ya gari.

(Cachot haiko mbali. Baada ya robo saa watu wanafungua njia, na Philémon anakuja, bila mkanda, bila viatu, ndevu zimemwota nyeupe. Séraphine amemshika mkono kama anayeogopa kwamba atachukuliwa tena. Analia na hafichi. Philémon anafika kwenye mlango wa kushoto, anashika kitasa, lakini hafungui.)

Papa Philémon! Ingia, ingia. Yaliyotokea ni changamoto za mfumo.

(Philémon haongei kwa nguvu, lakini maikrofoni iko karibu: "Papa, batoto yangu banachekwa ku masomo. Banasema papa yenu alilala, akaponda maman. Sema kwanza mu ile micro. Nani hakuangalia?")

Kwa mtazamo wa kitaasisi, wajibu wa kuangalia ni mtambuka, unahusisha wadau mbalimbali, na…

(Philémon anaachia kitasa.)

Subiri. Philémon, subiri. Ni mimi.

(Philémon anageuka.)

Mimi ndiye ambaye sikuangalia. Uliniambia simama, nikakusikia, nikapita. Wewe hukulala. Semeni hivyo ku masomo.

(Hakuna anayepiga makofi, hata Didier. Philémon anafuta uso kwa kiganja, anamwambia mke wake neno moja ambalo hatukulisikia, anafungua mlango na kukaa siti ya kushoto. Séraphine anamwendea Georgette, anampa magongo yake, na kwa kuwa nyumbani kwa Georgette ni ng'ambo, wawili hao wanaanza kuvuka barabara, gongo kwanza, kisha mguu. Constantin anatia gia. Philémon anatoa kichwa dirishani. "Ngoja," anasema.)

Nangoja.